Mlima hauna ushabiki, weka gia nyepesi

Kuna utani mmoja unaotembea kwenye misafara ya baiskeli kila inapofika mlimani. Jamaa anashusha gia hadi ya mwisho, miguu inazunguka haraka kama feni, halafu wa nyuma yake anacheka: "Umeshaweka gia ya bibi?" Aliyechekwa anaona aibu. Anarudisha gia nzito, anasimama kwenye pedali, anakaza meno, na mita 300 mbele anashuka kusukuma. Ukigeuka nyuma, aliyemcheka naye yuko pembeni ya barabara, anasukuma.

Najua kurasa hizi ni za soka na wengi mmefungua ili tugombane kuhusu Simba na Yanga. Tutagombana kesho. Leo nataka niseme neno kuhusu utani huu, kwa sababu umegeuka kuwa imani, na imani hiyo inatuharibia vijana. Tumeamini kwamba gia nzito ni uanaume na gia nyepesi ni uoga. Mimi nasema gia nyepesi ni mbinu, kama ilivyo mbinu kwa kocha kumwingiza beki wa tano pale anapoona mpira umemlemea. Hakuna anayemwita kocha huyo mwoga akiondoka na pointi 3.

Tuanzie kwa jirani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kuja Afrika tangu yaanzishwe. Wakati sisi tunabishana kuhusu ligi, pale Kigali wanaume walikuwa wanakimbia kilomita 267.5, na ukijumlisha kila mlima waliopanda siku hiyo unapata zaidi ya mita 5,400 za kwenda juu. Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari ni mita 5,895. Kwa hiyo hesabu mwenyewe, jamaa walikaribia kupanda Kilimanjaro kwa baiskeli kwa siku moja, na kule Kigali penyewe unaanza ukiwa tayari juu kiasi cha mita 1,500, hewa ni nyepesi.

Mnaojua habari ya timu za Dar kwenda kucheza Uwanja wa Sokoine Mbeya mnaelewa ninachosema. Dakika ya 60 mtu anashika kiuno.

Njia yenyewe ilikuwa na kilima cha Kimihurura, kimejengwa kwa mawe, wakizunguka na kukirudia tena na tena. Kisha kulikuwa na ule ukuta wa Kwa Mutwe, mita 400 za mawe zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 11. Walioanza walikuwa zaidi ya 150. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Wengine wote njiani. Tadej Pogačar wa Slovenia alichukua ubingwa baada ya kukimbia peke yake kilomita zaidi ya 60 za mwisho.

Sasa sikia jambo ambalo watu hawaliangalii kwenye televisheni, kwa sababu macho yote yako kwenye jezi. Angalia miguu yao mlimani. Inazunguka. Haisukumi kama mtu anayesukuma gari lililokwama kwenye tope, inazunguka kwa mwendo ule ule. Baiskeli nyingi za wataalamu wa leo zina gia mbili mbele, moja ya meno 54 na nyingine ya meno 40. Nyuma kuna rundo la gia linaloanzia meno 11 hadi 34. Mlima ukiwa mkali wanaweka 40 mbele na 34 nyuma. Maana yake ni kwamba pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja na kidogo tu.

Rudi miaka ya 1970. Wakati ule ilikuwa kawaida kwa mtaalamu kwenda mlimani na meno 42 mbele na 23 au 24 nyuma. Hapo pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linakaribia kuzunguka mara mbili. Kwa lugha ya kijiweni, mabingwa wa leo, wenye mapafu, madaktari na wapishi wao, wanabeba gia nyepesi kuliko mabingwa wa zamani. Na wanapanda kwa kasi. Kama gia nyepesi ingekuwa ya bibi, basi bibi amechukua ubingwa wa dunia.

Imani hii ya gia nzito haikuanzia kwetu, tusijilaumu sana. Aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, Mfaransa Henri Desgrange, alikuwa anaamini kabisa kwamba kubadilisha gia ni mambo ya watu waliozeeka, na kwamba shujaa ashinde kwa nguvu ya msuli. Kwa miaka mingi mbio hizo zikakataza kifaa cha kuhamisha cheni kwa mashujaa wake. Mtu akifika chini ya mlima ilibidi ashuke, afungue gurudumu la nyuma, aligeuze upande wa pili kwenye gia nyepesi, alifunge, ndipo apande. Akifika kileleni anarudia kazi ile ile ili ashuke. Desgrange aliachia usukani mwaka 1936, na mwaka 1937 kifaa kikaruhusiwa. Roger Lapébie akashinda mwaka huo akiwa nacho. Wafaransa walichukua zaidi ya miaka 30 kuelewa kwamba mlima hauna ushabiki. Sisi hatuna sababu ya kuchukua 30 mingine.

Kuna wenzangu wataniambia: "Hizo ni habari za Wazungu." Basi tuje nyumbani. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfundisha baiskeli akiwa kijana ni David Kinjah, kule Kikuyu nje kidogo ya Nairobi, kwenye barabara za vilima. Froome akaja kushinda Tour de France mara 4, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwa na bendera ya Uingereza. Julai 14, 2013, kwenye mlima Mont Ventoux, aliwaacha wenzake akiwa amekaa kitini. Hakusimama kwenye pedali. Alikaa na kuzungusha miguu haraka mpaka watazamaji wakacheka, akamwacha Alberto Contador, baadaye akamwacha Nairo Quintana, akashinda. Ilionekana vibaya, ndiyo. Lakini na bao la goti nalo linahesabiwa.

Tufanye hesabu kidogo, maana mashabiki wa soka mnapenda takwimu siku hizi. Chukua kijana wa kilo 70 kwenye baiskeli ya kilo 10. Mlima una mwinuko wa asilimia 10, yaani kila mita 100 unazokwenda mbele unapanda mita 10. Kijana huyu ana uwezo wa kutoa wati 200 kwa muda mrefu, ambao ni uwezo mzuri wa mtu anayefanya mazoezi. Mlima huo atapanda kwa kasi ya karibu kilomita 8.7 kwa saa. Kasi hiyo haibadiliki kwa kuwa amebadilisha gia. Injini ni ile ile, uzito ni ule ule, mlima ni ule ule.

Kinachobadilika ni mateso ya mguu. Mpe gia ya meno 39 mbele na 25 nyuma, miguu yake itazunguka mara 44 hivi kwa dakika, na kila wakati pedali inadai wastani wa kilo 26 za msukumo. Mpe 34 mbele na 34 nyuma, miguu itazunguka karibu mara 70 kwa dakika, na msukumo unashuka hadi kama kilo 16 na nusu. Sasa mpe baiskeli ya gia moja kama zile tulizokulia nazo, tuseme ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Miguu itazunguka mara 27 kwa dakika na pedali itadai kilo 42. Huo ni wastani. Pale mguu unapopita mbele, kwenye kilele cha msukumo, inafika karibu mara mbili ya hapo. Zidisha kwa dakika 40 za mlima, halafu uniambie goti la nani halitalia.

Ndiyo maana nikasema tunaharibu vijana. Kazi ile ile unaweza kuifanya kwa msuli na goti, au unaweza kuifanya kwa moyo na mapafu. Ukisukuma gia nzito, msuli unachoka na ukishachoka haurudi siku hiyo, ni sawa na winga aliyekimbia mbio zote kipindi cha kwanza. Ukizungusha gia nyepesi, unahema sana, lakini kilele kikipita unavuta pumzi na unarudi mchezoni. Mbio za baiskeli hazina mlima mmoja. Mlima wa kwanza unaweza kuumudu kwa gia yoyote. Wa nne na wa tano ndio unaouliza ulikuja na nini.

Najua swali linalofuata. "Mbona kuna wanaopanda wamesimama, gia nzito, na wanashinda?" Wapo. Kwenye kilima kifupi cha sekunde 40 simama, piga, maliza. Mtu mwenye nguvu za kulipuka anaruhusiwa kulipuka. Lakini kuwa na gia nyepesi hakukulazimishi kuitumia. Ni mchezaji wa akiba. Ukimaliza mechi bila kumwita, hongera. Ila ukienda uwanjani na wachezaji 11 bila akiba hata mmoja, halafu kiungo akavunjika dakika ya 20, usilaumu refa. Na niseme ukweli wa upande wa pili pia: kuzungusha kupita kiasi nako kunachosha. Mlimani, mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika inawafaa watu wengi. Ukishuka chini ya 50 unaponda goti, ukipita 100 unahema kwa hasara.

Basi mtu achagueje? Haihitaji kompyuta. Geuza baiskeli, miguu juu. Hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele. Hesabu meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma. Ukipata moja, kwa mfano 34 kwa 34, unaweza kwenda Lushoto ukitokea Mombo na ukafika unaongea. Ukipata moja na nusu, hiyo ni baiskeli ya Dar na Zanzibar mjini, kwenye tambarare. Ukipata mbili na zaidi, kwenye kilima cha kweli utakuwa mtembea kwa miguu mwenye baiskeli. Na kama kwenu ni Mbeya, Moshi kupanda Marangu, Morogoro chini ya Uluguru, au unabeba mzigo nyuma, tafuta chini ya moja.

Hapo kuna kichekesho. Zile baiskeli za mtumba za milimani, zenye matairi manene ambazo watu wanaziona za kitoto, nyingi zina gia 3 mbele, 42, 34 na 24, na nyuma zinafika meno 28. Gawanya 24 kwa 28, unapata 0.86. Yaani baiskeli ya mtumba ya bei ya chee ina gia ya mlimani nzuri kuliko baiskeli ya mbio ambayo kijana ameuza ng'ombe kuinunua. Ya mbio ni nyepesi na ni ya haraka kwenye tambarare, sikatai. Lakini ukiipeleka mlimani na gia za tambarare, ni sawa na kumsajili mshambuliaji wa bei mbaya halafu ukampanga golini.

Na kuibadilisha haina maana ya kununua baiskeli nyingine. Mara nyingi ni kubadilisha rundo la gia za nyuma pekee. Hapa kuwa makini, maana ndipo watu wanapoliwa pesa. Kwanza, idadi ya gia ilingane: kama mkono wako wa kubadilishia ni wa gia 9, nunua rundo la gia 9. La 11 halitakaa sawa, cheni itaruka hovyo. Pili, kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni kina kikomo. Vingi vya zamani vya baiskeli za mbio vina mkono mfupi na havipendi gia kubwa kuliko meno 28 hivi. Ukitaka 34, utahitaji chenye mkono mrefu zaidi. Tatu, gia ikikua cheni nayo irefushwe. Fundi akikufungia gia kubwa na kukuachia cheni ya zamani fupi, siku utakapoweka kubwa mbele na kubwa nyuma kwa bahati mbaya, cheni itakaza na kung'oa kile chuma chote. Hiyo si gia tena, ni ajali.

"Nikiweka gia za mlimani sitapoteza kasi kwenye tambarare?" Hapana, kama gia ndogo ya nyuma bado ni meno 11. Ukiwa na meno 50 mbele na 11 nyuma, ukizungusha mara 90 kwa dakika unakwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Wangapi hapa tunazidi hapo bila kuteremka mlima? Gharama yake ni kwamba gia za katikati zinaachana zaidi. Ukihamisha unahisi hatua kubwa, mara nzito kidogo, mara nyepesi kidogo. Kwa bingwa anayepigania sekunde hilo ni jambo. Kwa wengine wote ni bei ndogo mno.

Kisha kuna muda wa kuibadilisha. Usisubiri pedali igome ndipo ushushe gia. Cheni ikiwa imebanwa na nguvu zako zote hairuki vizuri, inaweza kukatika. Badilisha mlima ukiwa unauona, mguu ukiwa bado mwepesi. Tunawajua makocha wanaosubiri dakika ya 89 kufanya mabadiliko, timu ikiwa imeshafungwa 3. Huwa tunawaita majina gani?

Mpaka hapa nimeongea kama mtu wa michezo. Lakini gia si ya mbio tu. Nendeni Burundi, barabara inayopanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama. Vijana wanashuka na baiskeli zilizosheheni ndizi, wanauza mjini. Kurudi juu wanashika mkia wa lori kwa mkono mmoja, mkono mwingine kwenye usukani, wanavutwa mlima mzima. Dereva akikanyaga breki ghafla, au lori likiyumba kwenye kona, unajua wenyewe nini kinatokea. Wengine wamekufa pale. Watu wanawaita wakaidi. Mimi naangalia baiskeli zao: gia moja, nzito, ya kwenye tambarare. Mwenye baiskeli ya gia moja mbele ya mlima wa kilomita nyingi ana njia 3 tu. Asukume kwa mguu mpaka usiku, alipie gari, au ashike lori. Kipande cha chuma chenye meno kingemwongezea njia ya nne.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wanaoandaa mbio za mikoani na wadhamini wao: mwaka huu punguzeni jezi. Jezi haipandi mlima. Chukueni fungu hilo mnunue gia za nyuma na cheni, mwite fundi mzuri siku moja kabla ya mbio, kijana aje na baiskeli yake aondoke imebadilishwa. Wanyarwanda wameonyesha kwamba nchi ya milima inaweza kugeuza milima yake kuwa uwanja wa nyumbani, dunia nzima ikaja kuteseka kwao. Sisi tunayo milima hiyo hiyo, na vijana wetu wanashindwa hapo hapo nyumbani, mbele ya ndugu zao, kwa sababu ya meno 6 au 8 yaliyopungua kwenye gia ya nyuma.

Ombi la pili ni kwako unayecheka. Jumapili ukiwa kwenye msafara, ukimwona mtu anapanda amekaa, anahema, miguu inazunguka kama feni, usimtanie. Muulize ana meno mangapi nyuma, halafu ukifika nyumbani kahesabu ya kwako.